Ndege ikiwa bado ardhini

Watu wa Ukara hawahitaji kuambiwa kwamba safari huweza kuharibika pale ambapo kila mtu amekwisha kuihesabu kuwa imefika. Alasiri ya tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora, kilipinduka kikiwa kimebakiza masafa mafupi tu kufika gati la Bwisya, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha yao. Tangu siku ile wakazi wa visiwa vyetu, kuanzia Ukerewe hadi Kome na Maisome, wanajua kwa uchungu jambo ambalo mabaharia wamelijua siku zote: ziwani kuna mawimbi, lakini gatini kuna haraka, kuna msongamano, na kuna sauti nyingi zinazoamuru kwa wakati mmoja.

Tumeanza na kivuko, lakini leo tunataka kuzungumza juu ya ndege. Tena hatuzungumzi juu ya ndege iliyo angani. Tunazungumza juu ya zile dakika chache ambazo abiria hazihesabu kuwa ni sehemu ya safari, yaani tangu ndege inapoondoka maegeshoni, ikatambaa polepole katika barabara ya kiungio, hadi inapofika mwanzo wa njia ya kurukia na kungoja ruhusa. Abiria wakati huo anafunga mkanda na kuchungulia dirishani. Rubani, kwa upande wake, anaendesha, anasoma alama, anakagua mitambo, na juu ya hayo yote anasikiliza redio na kuijibu. Neno moja likipotea hapo, watu wengi huweza kufa kabla magurudumu hayajaacha ardhi.

Wako watakaouliza ni kwa nini gazeti la kanda ya ziwa lijishughulishe na jambo ambalo laonekana kuwa la miji mikubwa. Jibu letu ni kwamba eneo la dhahabu si eneo la pembeni tena katika mambo ya usafiri wa anga. Tangu enzi za Mwadui, ambako Dk. John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, migodi mikubwa ya Shinyanga imezoea kuwa na viwanja vyake vya ndege. Dhahabu ilipofuata, mgodi wa Geita ukafunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi, uliofungwa mwaka 2021, ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2009; na kila mmoja ulileta ndege zake za kubeba wataalamu, vipuri na mizigo ya thamani. Chato pamejengwa uwanja wenye njia ya urefu wa kilometa tatu, na Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, Serikali imekuwa ikijenga upya uwanja wa mkoa. Kisiwani Rubondo ndege ndogo hutua na watalii katikati ya msitu. Kwa watu wa visiwani, wengi wao wakipanda meli ya Mwanza kwanza ndipo wapande ndege, anga si anasa ya wageni. Wamo mgonjwa wa rufaa, mwanafunzi, mfanyabiashara wa samaki na mtumishi wa Serikali anayekwenda Dodoma.

Viwanja vinaongezeka na vinapanuliwa, na sisi tunaipongeza Serikali kwa hilo bila kigugumizi. Lakini lami peke yake haiongozi ndege.

Ajali kubwa kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga haikutokea angani. Ilitokea kisiwani, katika uwanja wa Los Rodeos huko Tenerife, visiwa vya Canary, tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili za aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan American ya Marekani, zilikuwa zimeelekezwa huko baada ya bomu kulipuka katika uwanja wa Gran Canaria, kisiwa cha jirani. Kiwanja kile kilikuwa kidogo kwa ndege nyingi kiasi kile. Zilijaa maegeshoni na kuziba barabara ya kiungio, hata ikawa hapana njia ya kwenda mwanzo wa njia ya kurukia isipokuwa kutambaa juu ya njia yenyewe. Ndege ya KLM ilitangulia hadi mwisho, ikageuka. Ile ya Pan American ikaifuata nyuma, nayo ikaambiwa itoke katika njia ya kutokea ya tatu. Ukungu ukashuka. Mnara haukuziona ndege, wala ndege hazikuonana, wala hapakuwa na rada ya kutazama ardhini. Kilichobaki ni maneno ya redio tu.

Yafaa tueleze kwa utaratibu yaliyofuata, kwa maana ndani yake lipo somo lote. Mnara uliisomea KLM maelekezo ya njia ambayo ingefuata baada ya kuruka. Hayo yalikuwa maelekezo ya angani. Hayakuwa ruhusa ya kuruka. Rubani msaidizi aliyarudia, na mwishoni akaongeza maneno ya kusema kwamba sasa wapo katika kuruka. Mwongoza ndege aliyafahamu maneno hayo kuwa wapo tayari mahali pa kurukia, wanangoja. Akajibu kwa neno la kukubali, kisha akaongeza kwamba wangoje, atawaita. Wakati uleule marubani wa Pan American, waliotiwa wasiwasi na waliyoyasikia, wakasema kwamba wao wangali wanatambaa katika njia. Redio za ndege zina tabia moja ambayo kila mtu anapaswa kuijua: watu wawili wakisema kwa pamoja katika masafa yaleyale, hasikiki hata mmoja wao vizuri, ila mlio tu. Katika chumba cha marubani wa KLM lilisikika lile neno la kukubali. Lile la kuwaambia wangoje, na lile la kwamba njia haijawa wazi, yalimezwa na mlio. Ndege ilikuwa imekwisha kuanza kukimbia. Watu 583 walikufa. Waliookoka walikuwa 61, wote wa ndege ya Pan American.

Kuna jambo la mwisho, nalo ndilo linalotuchoma zaidi. Sekunde chache kabla ya kugongana, fundi wa mitambo wa KLM, aliyekuwa ameketi nyuma ya marubani, alisikia katika redio kwamba Pan American itatoa taarifa ikishatoka njiani. Akauliza: je, yule hajatoka? Rubani mkuu akamjibu kwa mkazo kwamba ametoka. Rubani huyo hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mwalimu wa marubani, mwenye cheo na sifa katika shirika lake, ambalo lilitumia picha yake katika matangazo. Mdogo aliuliza, mkubwa akajibu, na mdogo akanyamaza.

Baada ya Tenerife dunia ilibadili lugha yake ya viwanjani. Neno la kuruka sasa halitamkwi na mnara isipokuwa wakati wa kutoa ruhusa hasa ya kuruka au wakati wa kuifuta. Nyakati nyingine zote hutumika neno jingine la kuondoka. Aidha, rubani haruhusiwi kujibu agizo la kuingia, kuvuka au kungoja kando ya njia ya kurukia kwa neno la kusema amepokea tu. Hana budi kulirudia agizo lenyewe, pamoja na jina la ndege yake, na mwongozaji hana budi kusikiliza kama limerudiwa sawasawa. Kanuni hizi ni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na Tanzania imezikubali.

Hata hivyo kosa lina njia nyingi za kurudi. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda mjini Tokyo, ndege ndogo ya walinzi wa pwani wa Japani iliyobeba misaada ya tetemeko la ardhi iliambiwa na mnara kwamba yenyewe ni ya kwanza katika foleni, nayo itambae hadi mahali pa kungojea. Rubani wake aliamini kwamba ameruhusiwa kuingia katika njia. Akaingia, akasimama pale, na ndege kubwa ya Japan Airlines ikatua juu yake. Watu 379 wa ndege kubwa walitoka wote wakiwa hai, jambo lililoistaajabisha dunia. Lakini watano kati ya sita wa ile ndogo walikufa. Wajapani kwa muda wakaacha kabisa kuwatajia marubani nafasi yao katika foleni. Neno lililokusudiwa kumtuliza rubani, kwamba wewe ndiwe wa kwanza, lilikuwa limemfungulia mlango.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni wa Nairobi. Tarehe 3 Septemba 1974 Boeing 747 ya British Airways ilipokuwa ikikaribia kutua iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Marubani walielewa 5,000. Uwanja wa Nairobi upo juu ya futi 5,300 kutoka usawa wa bahari, maana yake walikuwa wamekubali, kwa adabu na utulivu, kushuka chini ya ardhi. Ndege ilitoka katika mawingu ikiwa futi zisizofika 100 juu ya nyika, marubani wakaivuta juu, wakaokoka. Walikuwa watu wenye uzoefu, katika ndege bora ya zama zile, wakizungumza Kiingereza katika redio inayofanya kazi. Na hapa nchini kwetu, tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Kilimanjaro, ambako ndege ndogo ilikuwa imekwama katika njia ya kutulia, ilitua katika uwanja mdogo wa Arusha, wenye njia isiyozidi meta 1,700, ikaishia majanini. Hakufa mtu. Wengi walicheka wakapiga picha. Sisi hatuoni cha kuchekesha katika ndege kubwa namna ile kukosea uwanja mchana kweupe.

Turudi ardhini. Wapo wanaodhani kwamba agizo likirudiwa sawasawa basi kazi imekwisha. Si hivyo. Tarehe 22 Desemba 2013, katika uwanja wa O.R. Tambo mjini Johannesburg, rubani wa Boeing 747 ya British Airways iliyokuwa ikienda London aliambiwa afuate barabara fulani ya kiungio; akalirudia agizo bila kosa; kisha, usiku ule, akaipita kona yake na kuendelea mbele katika barabara iliyokuwa nyembamba kwa ndege yake. Bawa likaingia katika jengo la ofisi na kujeruhi watu wanne waliokuwa ndani. Mdomo ulisema sawasawa, macho hayakuona taa na alama za kuyaongoza. Maneno ya redio na rangi ya ardhini ni mawasiliano ya aina moja: yote mawili yanamwambia rubani aende wapi, na moja likififia jingine haliwezi kubeba mzigo wote.

Kwa wakuu wa Serikali, ambao tunajua husoma safu hii, tungependa wausome kwa makini zaidi mfano wa Linate, uwanja wa mji wa Milan, Italia. Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 2001 palikuwa na ukungu mzito. Ndege ndogo ya Cessna iliambiwa ifuate barabara ya kiungio nambari 5. Rubani akarudia nambari 5. Akafuata nambari 6, ambayo ilikatiza njia kuu. Njiani aliutajia mnara alama aliyoiona ikiwa imechorwa chini. Mwongozaji hakuijua alama ile, kwa kuwa haikuwamo katika ramani yake, wala hakusimama kuuliza. Rada ya zamani ya kutazama ardhini ilikuwa imekwisha kuondolewa, na ile mpya ilikuwa bado haijaanza kazi. Ndege ya shirika la SAS iliyokuwa ikiruka iliikumba Cessna ile, na watu 118 wakafa, wakiwamo wanne waliokuwa kazini ardhini. Mwaka 2004 mahakama ya Milan ilimtia hatiani mwongozaji wa zamu, na pamoja naye wakubwa wa uwanja na wa mamlaka ya uongozaji ndege, ingawa baadhi ya hukumu zilitenguliwa baadaye katika rufani. Mahakama ile iliona kwamba rangi iliyofutika, ramani isiyolingana na ardhi, na mtambo uliokaa bila kufungwa, ni mambo yenye wenyewe. Kuna mtu aliyepaswa kutia sahihi.

Je, hali ya viwanja vyetu vidogo ikoje mbele ya mifano hii? Katika viwanja vingi vya migodini na vya hifadhini hapana mnara wa kuongozea ndege. Rubani hujitangaza mwenyewe katika masafa yanayotumiwa na wote: mimi ndege fulani, nipo mahali fulani, naingia njiani, naruka kuelekea fulani. Utaratibu huu ni halali na hutumika duniani kote. Lakini una sharti moja, nalo ni kwamba kila aliyepo awe na redio iliyo katika masafa yaleyale, aisikilize, na aeleweke. Tena katika viwanja vingi vya namna hiyo hakuna barabara ya kiungio inayokwenda sambamba na njia ya kurukia. Ndege ikitaka kuruka kutoka upande wa pili hulazimika kutambaa juu ya njia yenyewe hadi mwisho, igeuke, ndipo iruke. Ndivyo zilivyofanya zile mbili za Tenerife. Kilichokuwa dharura kwao ni desturi yetu ya kila siku. Ukungu wetu ni mchache, lakini vumbi la Agosti na Septemba tunalo, na mvua ya masika inayofuta upeo wa macho kwa dakika moja tunayo.

Isitoshe, si marubani peke yao walio uwanjani. Wapo wafyeka majani, dereva wa gari la maji, walinzi, gari la zimamoto, na mchungaji wa Kisukuma ambaye ng'ombe wake hawatambui uzio uliokatika. Redio ya ndege huzungumza Kiingereza. Tangu mwaka 2008 ICAO imetaka kila rubani na mwongozaji wa safari za kimataifa athibitishwe kuwa anakijua kwa kiwango cha nne au zaidi. Hilo ni jema. Lakini dereva wa trekta la kufyeka anazungumza Kiswahili, na pengine hana redio kabisa. Anaongozwa kwa simu ya mkononi, au kwa mtu anayepunga kitambaa. Tunaona vigumu kuamini kwamba ndege yenye thamani ya mabilioni ya shilingi, na roho za watu ambazo hazina bei, zinaweza kutegemea kitambaa.

Na hapa twapenda kusema neno la sifa kwa mahali ambapo sifa hazitarajiwi. Katika migodi mikubwa ya shimo la wazi dereva wa lori, lile ambalo gurudumu lake ni refu kuliko mtu, hausogelei mtambo wa kuchimbua kabla hajamwita mwendeshaji wake kwa redio na huyo akamwitikia waziwazi kwamba amemwona na anamruhusu. Kimya hakihesabiwi kuwa ruhusa. Dereva akiitwa na asijibu, kazi husimama. Kijana aliyetoka Nyarugusu au Katoro, ambaye labda hakumaliza sekondari, hufundishwa jambo hili wiki yake ya kwanza na hulishika, kwa kuwa amekwisha kuona gari dogo lililobanwa na lori. Ikiwa nidhamu ya neno inawezekana shimoni, inawezekana pia katika kiwanja cha ndege kilicho kilometa chache kutoka shimo hilohilo.

Kizuizi kikubwa, kwa maoni yetu, hakipo katika mitambo. Kipo katika adabu yetu. Sisi ni watu tuliolelewa kuitika. Mkubwa akisema, mdogo huitika. Akisema lisiloeleweka, mdogo huitika vilevile, kisha akatoka nje kumwuliza mwenzake mzee alikuwa na maana gani. Katika ofisi zetu mtu huweza kuitikia agizo mara tatu bila kulielewa, na siku ya tatu faili likapotea. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wengi wetu tunaona haya kuuliza mbele ya wengine, na redio ya ndege husikiwa na wengine wote walio karibu. Rubani kijana anayerushwa na nahodha mwenye mvi huweza kusikia kwamba agizo la mnara halikueleweka, akatazama uso wa mzee wake, akaona utulivu, akanyamaza. Mwongozaji aliyechoka mwisho wa zamu huweza kusikia namba imerudiwa vibaya akadhani masikio yake ndiyo mabovu. Fundi wa KLM aliuliza, na kwa hilo alikuwa jasiri kuliko wengi wetu. Alipokwisha kujibiwa, hakuuliza tena.

Kwa hiyo tunasema kwamba mafunzo ya marubani na ya waongoza ndege yawafundishe wadogo kusema mara ya pili, na yawafundishe wakubwa kusimamisha ndege mdogo anaposema mara ya kwanza. Ndege iliyosimama katika barabara ya kiungio huteketeza mafuta kidogo tu. Maneno ya kusema sijaelewa, rudia tafadhali, yatamkwe bila haya, na asiyeyatamka pale anapopaswa ndiye aulizwe.

Haraka nayo ina wenyewe. Imejulikana kwamba rubani mkuu wa Tenerife alikuwa akihesabu saa zake za kazi, maana sheria ya Uholanzi ilimzuia kupita kiwango, na kuchelewa zaidi kungelaza abiria wote kisiwani. Katika mikoa yetu haraka hutoka mahali pengine. Hutoka kwa mkubwa aliyekodi ndege ndogo na ana mkutano saa nne. Kwa mnunuzi wa dhahabu mwenye mzigo asiotaka ulale uwanjani. Kwa mgeni anayewahi kuunganisha safari Mwanza. Tunawaomba waheshimiwa, na tunasema hivi kwa heshima yote, wakae viti vya nyuma na wanyamaze mpaka ndege iwe angani. Rubani anayezungumzishwa huku akitambaa ana masikio mawili tu, na yote mawili ni ya redio.

Kuhusu wajibu wa Serikali, Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege zina wataalamu, nasi hatudai kuwafundisha kazi yao. Lakini wananchi wa Shinyanga na Geita, na ndugu zao wa visiwani, wana haki ya kujua mambo kadhaa. Wana haki ya kujua ni lini mistari na vibao vya kila kiwanja vilikaguliwa na kupakwa rangi upya, na kama ramani aliyonayo rubani inalingana na kilichopo chini. Uwanja unaojengwa upya hubadilika kila mwezi: barabara ya kiungio iliyokuwapo Januari huweza kuwa lundo la kokoto mwezi Machi, na rubani asiyepata taarifa huja akiwa na uwanja wa zamani kichwani. Ibadakuli, kwa hiyo, si suala la kungoja siku ya kukata utepe. Wana haki ya kujua pia ni nani anayesimamia nidhamu ya redio katika viwanja vya migodi, ambavyo vimo mikononi mwa makampuni lakini anga iliyo juu yake ni ya taifa.

Lililo muhimu kuliko yote ni habari za ajali zilizokosekana kwa bahati. Ndege mbili zikikutana uso kwa uso njiani zikasimama, rubani akaingia njiani bila ruhusa kisha akageuka, dereva wa gari la maji akavuka akaona magurudumu juu ya kichwa chake, nani huandika? Mara nyingi waliohusika hupeana mikono, wakacheka kwa woga, wakanyamaza, kwa kuwa anayejiandika hujitia matatani. Nchi zilizopunguza ajali zimefanya hivyo kwa kuwaahidi watu wao kwamba anayeeleza kosa lake la bahati mbaya hataadhibiwa kwa kulieleza, na kwamba adhabu ni ya mzembe wa makusudi na ya anayeficha. Kanuni za kimataifa zinataka mfumo wa namna hiyo uwepo. Tungependa uwafikie pia mfyeka majani na mlinzi wa geti, kwa Kiswahili, katika karatasi moja isiyohitaji mhuri wa mkuu wake wa kazi.

Tunajua jibu ambalo baadhi ya maofisa watalitoa: kwamba fedha ni kidogo, na kwamba huwezi kujenga mnara katika kila kiwanja kinachopokea ndege mbili kwa siku. Tunakubaliana nao. Hatujaomba minara. Ndoo ya rangi si mnara. Redio ya mkononi kwa msimamizi wa kiwanja si mnara. Wala kumfundisha dereva wa trekta maneno ishirini ya Kiingereza cha uwanjani, ajue kusema kwamba yupo njiani na anatoka, si kazi ya kuombea mkopo wa nje.

Mwaka 2022, tarehe 6 Novemba, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 kati yao wakafa, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Wale walikuwa watu wa ziwa hili, ndugu wa wasomaji wetu. Chanzo cha ajali ile ni suala jingine na hatulichanganyi na hili. Tunaikumbusha kwa sababu ndege ikianguka upande huu wa nchi, msaada wa kwanza hutoka kwa mwananchi mwenye kasia, na mwananchi huyo ana haki ya kuuliza kabla ya ajali, si kuitwa baada yake tu.

Tunazitaka mamlaka zinazohusika, zikishirikiana na wakuu wa mikoa ya Shinyanga na Geita na wenye migodi, zivipitie viwanja vyote vya eneo hili, vya umma na vya makampuni, kabla ya mvua za Novemba: alama, redio, magari, uzio na ramani. Taarifa itangazwe kiwanja kwa kiwanja, kwa jina, na nafasi ya kuichapa katika gazeti hili ipo, bila malipo.